Eda ya Watu Sita

Niliinuka kwenye kiti cha kurithishwa nikiwa na ndevu zangu, suruali yangu na jina langu lile lile, Nassoro Mbonde, kijana ambaye hajaoa wala hajaposa. Nilikuwa pia nimefiwa na mume.

Sisemi hivyo ili mtu acheke. Mlinzi wa getini alicheka nilipomwambia, nami nikacheka naye, kisha nikazunguka nyuma ya Kituo cha Uzio nikalia huku nimeshikilia ukuta. Sikujua namlilia nani. Nilijua tu kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akicheka usingizini, na kwamba hatacheka tena. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda sijakilalia, na kunguni nawajua mmoja mmoja.

Ngoja nianze panapoanzia, maana nikisimulia haraka hata mimi mwenyewe napotea.

Kwetu Mbwenda, katika bonde la Rufiji, mpunga ulishaacha kulindwa kwa madebe na kombeo. Unalindwa na uzio wa sauti. Vipaza sauti vimesimikwa juu ya nguzo kuzunguka mashamba yote, na milio inayotoka humo ndiyo inayowazuia kwelea kwelea wasishuke. Shida ni kwamba ndege wa siku hizi si wajinga. Mlio walioukimbia juzi, leo wanatua juu ya kipaza sauti chake na kujisafisha manyoya. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu anayeusuka upya mchana kutwa, na kusuka kwenyewe si kwa kuandika bali kwa kuchora. Unakaa mbele ya kioo kipana, unapanga visanduku: hiki kinazaa mlio, hiki kinauchuja, hiki kinauchelewesha, hiki kinaunyanyua. Kisha unavuta uzi kwa kidole kutoka kimoja hadi kingine, na sauti inapita humo kama maji kwenye mfereji. Ukikosea ukaurudisha uzi ulikotoka, uzio mzima unapiga yowe, na mbwa wa kijiji wanakujibu.

Kila mgeni anayefika huuliza swali moja, kwamba anayeanza atachukua muda gani mpaka ajue. Wa Kituo walikuwa wakijibu miaka miwili, na ushahidi walikuwa nao, maana mimi nilikaa darasani miezi minane na nilichoweza kutengeneza vizuri kilikuwa mlio wa mbu. Ndipo ikaja mashine ya kurithisha, jibu likawa asubuhi moja. Inachukua kichwa cha mtu anayejua, inanakili ujuzi wake, inampa asiyejua. Tuliketi watu sita tukiwa mbumbumbu, na chai ya saa nne tukainywa tukiwa mafundi.

Kichwa kilichonakiliwa kilikuwa cha Bi Somoe Mtulia, mama wa makamo anayekaa upande wa msikitini. Zamani alikuwa msusi wa mikeka. Mumewe, Shamte, alikuwa mtunza pampu za maji. Siku moja alitoka nyumbani asubuhi kwa baiskeli, moyo wake ukasimama huko huko kwenye pampu. Bi Somoe akakaa eda. Ukindu unataka mtu akaufuate porini naye alikuwa hatoki, basi mpwa wake akamletea kioo cha kusukia sauti ili mikono isikae bure. Eda ilipokuwa inakaribia mwisho hakukuwa na fundi wa kumfikia katika bonde zima. Nayajua haya kwa njia mbili: nimesimuliwa, na nayakumbuka.

*

Wiki ya kwanza kijiji kilitusifu mpaka tukaanza kutembea kwa madaha. Kisha ndege wakaanza kushuka.

Walishuka saa kumi alasiri, wakala karibu saa nzima, wakaenda zao. Kesho yake vivyo hivyo. Mama yangu, Mwanahawa, ana shamba katika kipande cha uzio ninachokishika mimi, na shamba hilo ndilo linalotulisha tangu baba alipokwenda Dar es Salaam akasahau njia ya kurudi. Siku ya tatu mama alirudi na suke la mpunga lililobaki maganda matupu, akaliweka juu ya sahani yangu, akaniambia nile.

Nilikwenda Kituoni nikakikagua kipande changu uzi kwa uzi. Kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto, nikakuta kisanduku ambacho sikumbuki kukiweka. Kilikuwa cha kunyamazisha, kimefungwa kwenye saa, na saa imetegwa kumi. Nikakifuta. Kesho yake nikakikuta tena mahali pale pale. Nikamshuku Mkumba, kinyozi, mrithi mwenzangu anayeshika kipande kinachofuata, kwa sababu Mkumba anapenda utani. Yeye naye alikuwa anakuja kunigombeza mimi. Tukawaita wengine. Mwalimu Tatu, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu kabla hajarithishwa, alifungua cha kwake mbele yetu, na kile kisanduku kikawa kinatutazama kutoka pembe ile ile. Wote sita tulikuwa nacho.

Mkumba alisema kuna mtu anaingia Kituoni kutuharibia. Mwalimu Tatu alisema ni mashine. Mimi siku iliyofuata nikakaa mbele ya kioo changu nikaitazama mikono yangu kama mtu anayemvizia mwizi. Saa kumi ilipokaribia, kidole changu kilinyanyuka. Kikachora kisanduku, kikavuta uzi, kikatega saa. Sikukizuia, kwa kuwa hakikuwa kinakwenda chenyewe. Ni mimi niliyekipeleka, na nilijisikia kama mtu anayefanya jambo la lazima kabisa, jambo ambalo asiyelifanya hana utu. Uzio ukanyamaza. Nami nikageuza shingo kuelekea mlangoni, kama nilivyokuwa nikigeuza kila siku bila kujiona.

Nilikuwa nasikilizia mnyororo wa baiskeli. Kuna baiskeli moja ambayo mnyororo wake hukwaruza, na hufika saa kumi. Haiwezi kusikika kama uzio unapiga kelele.

Nilipogeuka niliwaona wenzangu watano wameketi kila mmoja penye kioo chake, wamegeuza shingo kuelekea mlango ule ule. Nje tuliusikia mvumo wa mabawa ukishuka mashambani, na hakuna aliyeinuka.

*

Injinia Mwamtumu Kilindo, aliyeileta mashine Mbwenda, alifika baada ya siku mbili. Kwanza aliufunga uzio ili tusiweze kuugusa alasiri. Kwa kuwa hakukuwa na mkono wa kuubadilisha, ulirudia mlio mmoja tu, na jioni ya pili ndege walikuwa wamejipanga juu ya vipaza sauti. Akaufungua. Wazo la pili lilikuwa kumwomba Bi Somoe ashike uzio mwenyewe kwa saa hiyo moja. Lakini uzio una vipande sita naye ana mikono miwili, tena siku aliyotoka eda alikizima kioo akarudia mikeka yake.

Ndipo Mwalimu Tatu akamuuliza Injinia kichwa cha Bi Somoe kilinakiliwa lini.

Injinia alijibu kwa fahari kidogo. Ilikuwa zaidi ya mwaka uliopita, mwezi wa tatu wa eda, na kila kitu kilifanywa kwa heshima. Walimpelekea mashine nyumbani. Walioingia walikuwa wanawake peke yao, hakuna aliyejipaka manukato, kazi ilisimama kila adhana ilipotoka.

"Hatukumtoa nje hata hatua moja," alisema. "Mimi mwenyewe nimelelewa na mama aliyekaa eda. Nilijua cha kulinda."

Kisha nikaona uso wake unabadilika. Walikuwa wameilinda eda ya Bi Somoe isivunjwe kwa nje, wakaingia ndani yake na kuichota yote. Nadhani mtu wa mbali, asiyejua eda ni nini, angeuliza huyu mama ana nini mbona amevaa hivi, kisha angengoja huzuni ipungue. Hawa walijua, kwa hiyo hawakuuliza.

Alitueleza dawa yake. Kichwa hakinakiliwi mara mbili, kwa hiyo kuanza upya hakuwezekani. Lakini nakala inaweza kusafishwa. Bi Somoe angeketi kitini, mashine ingeutafuta uzi wa mumewe ndani ya kichwa chake na kuung'oa, na uzi huo huo ungekatika ndani yetu sote. Ujuzi ungebaki. Sisi tungekuwa mafundi tusiolilia mtu. Naye Bi Somoe angejua kwa kuambiwa tu kwamba aliwahi kuwa na mume, kama mtu anavyoambiwa habari za utotoni.

Sheria ilitaka mwenye kichwa akubali, na warithi wote waombe. Akikataa mmoja, hakuna anayesafishwa, maana nakala zimeshikana. Bi Somoe alikuwa ameshatia dole gumba. Mpunga ni chakula cha watu, ndivyo alivyomwambia Injinia, wala hakusema zaidi. Mkumba alitia dole lake hapo hapo. Alisema ana mke nyumbani, anampenda, na kila akimtazama anamwona mtu mgeni aliyeingia wakati wa msiba. Mwalimu Tatu akafuata, na wale wengine watatu.

Nikabaki mimi. Wote wakanitazama, nami nikaomba nipewe mpaka kesho.

Mkumba aliniuliza kesho ya nini. Lilikuwa swali zuri, na nilirudi nalo nyumbani. Nilijaribu kulipima jambo lile kama mtu mwenye akili. Nikaweka mpunga upande mmoja, na mke wa Mkumba, na usingizi wangu uliopotea. Upande wa pili nikaweka mama mmoja na marehemu wake. Ilikuwa hesabu nyepesi. Lakini kila nilipokaribia kusema ndiyo, kitu ndani yangu kiliruka kwa woga, kikisema wanakuja kumchukua, watamchukua mara ya pili. Woga ule ulikuwa wa nani? Kama ni wangu, nina haki ya kuusikiliza. Kama ni wa Bi Somoe, basi mimi si hakimu, mimi ni mwenye kesi, na mwenye kesi hajihukumu. Nilijigeuza kitandani huku na huku nikijitafuta mimi ni yupi, sikujipata.

*

Asubuhi Bi Somoe alikuja nyumbani kwetu. Hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu za njiani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na nusura nimwambie amekonda. Mama alimkaribisha, akaleta chai, akakaa kidogo akitumaini mgeni atasema shida yake mbele yake, kisha akaona haya akatoka. Alikuwa amesikia kwamba ni mimi niliyebaki, na tangu jana alikuwa hasemi nami ila kwa kuwasemesha kuku.

Bi Somoe alisema hakuja kunishawishi. Neno lake lilikuwa limeshatoka. Alitaka jambo moja tu kabla hajaketi kile kiti, naye alilisema huku akitazama kikombe.

"Nisimulie habari zake, mwanangu. Nimsikie kutoka kwa mtu mwingine."

Sikujua nianzie wapi, na aibu ilinijaa, maana nilikuwa najua mambo ambayo kijana hapaswi kuyajua kwa mama wa watu. Nikachagua yanayosemeka. Nikamwambia jinsi Shamte alivyokuwa akicheka usingizini, akiamshwa anakataa. Alivyokuwa akila samaki akianzia mkiani ili kichwa kije mwisho. Alivyokuwa akiitia chai tangawizi mpaka wageni wanakohoa, na alivyoimba vibaya, tena kwa kujiamini. Nikamwambia kuhusu mnyororo.

"Mnyororo ule nilimwambia mara ngapi autie mafuta," alisema Bi Somoe.

"Alisema akiutia mafuta hutajua kama amefika."

Aliweka kikombe chini. Tulikaa pale, watu wawili wenye msiba mmoja, mmoja wao na ndevu.

Baadaye aliniuliza kuhusu kile kisanduku, na nikamweleza kinavyonijia mikononi. Alishangaa kidogo tu. Alisema katika eda yake alikuwa akisuka kipande cha uzio kutokea nyumbani, na kila alasiri alitamani kukinyamazisha. Kila siku, bila kukosa. Ilipofika saa kumi alikuwa akiikalia mikono yake yote miwili mpaka saa ipite.

"Basi wamewapa hamu yangu," alisema, "hawakuwapa kule kuikalia mikono."

Nikamuuliza lile nililotaka kumuuliza mtu tangu siku ya kiti. Nilimuuliza kama inaisha.

Alinitazama, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba mimi sijui. Ndani yangu ulikuwa mwezi wa tatu. Baada ya pale hapakuwa na kitu, kama barabara iliyoishia porini. Siku aliyotoka eda, wanawake wakamwogesha na kumvika, mimi sina. Mwaka mzima uliofuata sina. Akaanza kunisimulia polepole. Alisema siku ya kutoka hakuona tofauti yoyote, alirudi ndani akalia kama jana. Ila siku moja, miezi mingi baadaye, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akainua kichwa akaona jua limeshuka. Saa kumi ilikuwa imepita naye hakuisikilizia.

"Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi," alisema. "Halafu nikapika wali, nikala. Ulikuwa mtamu."

Nilimuuliza ilimchukua muda gani. Akasema eda ni miezi minne na siku kumi, hiyo inajulikana, lakini anayeuliza hivyo anauliza jambo jingine, na jambo hilo halina kalenda. Kusuka sauti alijifunza humo humo, hakujua kipi kilikuwa kinamfundisha kipi. Kama ningependa, alisema, angekuja Kituoni kila alasiri, akae nasi sita, atuoneshe mikono inakaliwaje. Hakuahidi kwamba itafaa. Mpunga utakomaa kabla hatujamaliza, hilo alikuwa na hakika nalo, na ndege watakula.

"Lakini mimi nimeshakubali kiti, usinifikirie," alisema akiinuka. "Wewe fuata moyo wako."

"Moyo upi, Bi Somoe?"

Alijifunga kanga yake vizuri. Alisema hajui, na akaondoka.

*

Kituoni walikuwa wananisubiri. Injinia alikuwa na kibao cha dole gumba mkononi. Mkumba alisimama karibu na mlango, na nilipompita nilisikia pumzi zake.

Nilisema siombi kusafishwa.

Mwalimu Tatu alikaa chini. Niliwaeleza kuhusu Bi Somoe na saa kumi, kwamba atakuja kukaa nasi, kwamba upo upande wa pili wa jambo hili ambao hatujaonyeshwa. Maneno yangu yalitoka yamekorogana. Mkumba aliniuliza nani amenipa ruhusa ya kumlipisha mke wake, swali ninalolibeba hata leo. Alitoka nje. Nilijua kesho atarudi kwenye kioo chake kwa sababu ndiyo kazi aliyonayo, na kwamba hataninyoa tena.

Injinia Mwamtumu alingoja wengine watoke.

"Nassoro, nisaidie kitu. Hili jibu ni lako, au ni la Bi Somoe aliye ndani yako?"

"Sijui, Injinia. Liandike kwa jina langu."

Akaandika.

Ilikuwa inakaribia saa kumi, na sikuthubutu kubaki penye kioo, hata kukifuta kisanduku nilichotega jana. Nilikwenda shambani. Kijiji kilikuwa kimeshapata habari, maana Mbwenda habari haitembei, inaruka. Kwenye mashamba ya upande wetu watu walikuwa wameanza kupanda juu ya madungu ya zamani ya kulindia ndege, yale yaliyobaki nguzo na ngazi tu, wakiwa na chochote kinacholia. Mama alikuwa chini, katikati ya mpunga, na madebe mawili na vipande viwili vya mti. Robo ya shamba lake ilikuwa imeshasimama mabua matupu. Nilimkaribia nikangoja matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea.

Uzio ulikuwa bado unalia. Mama aliuangalia, akaniangalia.

"Huyo mume wako," alisema. "Alikuwa mtu mwema?"

Hakuwa anatania.

"Alikuwa mwema sana, mama."

Alilitazama shamba lake, mabua matupu na yale ambayo bado yalikuwa na punje. Saa kumi ikafika, uzio ukanyamaza bonde zima.

"Haya," alisema, akanisukumia debe moja. "Piga kwa nguvu."